Mikono Kwanza, Ukuta Baadaye

Mwaka wa 1981, nikiwa na miaka kumi na sita, niliingia wodini nikisikia na nikatoka kiziwi. Homa ya uti wa mgongo. Siku ya tatu niliona mdomo wa nesi unafunguka na kufumba kama wa samaki ngege aliyetupwa mchangani, nikadhani ananichezea. Nikamwambia, "Sista, ongea basi." Sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Hapo nikajua. Shule ilikuwa imenifikisha darasa la sita, na mwalimu mkuu akasema inatosha. Nilimwona akisema, kwa sababu mtu aliyesikia miaka kumi na sita hasahau midomo ya watu wake. Alisema, "Huyu sasa ni wa jikoni." Alisema akinitazama usoni, kama mtu anayeongea mbele ya mbuzi. Mambo ya nyumbani kwetu siandiki. Hayakunijenga. Kilichonijenga ni mwaka ule mmoja na jumba moja la ghorofa hapa Kisumu, karibu na bandari, na kilichonishikisha kalamu leo ni hasira. Sioni haya kusema.

Miezi miwili iliyopita nilialikwa katika jumba hilohilo. Siku hizi ni jumba la kihistoria, lina kibao cha shaba mlangoni na kamba nyekundu ya kuzuia watu wasikalie viti. Tulialikwa viziwi kama ishirini, ati ni kuzindua matembezi ya kuonyeshwa jumba kwa lugha ya ishara. Nilivaa gauni yangu ya samawati nikafika mapema. Akatoka kijana anaitwa Brian, anasikia, ishara amesomea chuoni na cheti anacho. Mtoto wa watu, sina ubaya naye. Lakini alitupandisha ghorofani, akasimama mbele ya dirisha kubwa linaloangalia ziwa, jua lote la saa nne liko mgongoni mwake, akaanza kutuongelesha. Tuliona nini? Tuliona kivuli kinapunga. Uso giza, mikono giza. Rafiki yangu Atieno, kiziwi mwenzangu anayefua nguo za watu tangu tukiwa wasichana, akanigusa bega. "Anasema nini?" Nikamjibu, "Anasema dirisha ni kubwa." Halafu Madam wa ofisi, ambaye ndiye alikuwa akiongea kwa mdomo na Brian anamfuata kwa mikono, akasema, "Tazameni juu, muone dari!" Brian akaonyesha juu, na mikono yake ikaendelea kueleza huku sisi shingo zimeinuka. Sasa niulize mimi ambaye sikusoma: nikitazama dari, mikono yako niitazame na nini? Na kisogo?

Kosa hilo ni la watu wenye masikio peke yao. Masikio hayana mahali pa kutazama, kwa hiyo wao wanaweza kuona ukuta na kuambiwa ukuta kwa wakati mmoja, na wanadhani Mungu aliumba kila mtu hivyo. Kiziwi hata mtoto hawezi kulifanya. Nilikaa pale na hasira, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyelijua jumba hilo kuliko Madam na kuliko kibao cha shaba, aliyetuonyesha miaka arobaini na kitu iliyopita jinsi ya kulitembeza kwa mikono, na jina lake halikutajwa siku hiyo hata mara moja. Aliitwa Fundi Ogola. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu pale. Chai yao ningekunywa au nisinywe, sawa. Nilitaka Ogola atajwe, na nilitaka jumba litembezwe alivyolitembeza.

Nilimkuta hapo hapo, mwaka ule wa homa. Jumba lilijengwa na Mhindi mfanyabiashara wa pamba, zamani za wazee wetu. Baadaye likawa stoo, baadaye likawa la popo, na mwaka huo lilikuwa linatengenezwa liwe ofisi. Mimi nilichukuliwa kubeba maji, madebe kutoka mferejini mpaka ghorofani, siku nzima. Vibarua wengine walikuwa wakinirushia vijiwe mgongoni ili nigeuke, halafu wanacheka. "Bubu! Wewe bubu, leta maji!" Nilisoma kila neno midomoni mwao na sikuwaambia kwamba nasoma. Siku ya pili au ya tatu nimeweka debe chini, nikahisi kitu kimepanda kwenye nyayo zangu mpaka magotini, du, du, mara mbili. Nikageuka. Mwisho wa chumba alikuwa mzee mmoja mwembamba, amejaa chokaa mpaka nyusi, amekanyaga sakafu kwa kisigino na ananitazama. Sakafu ile ni ya mbao za mvule, inabeba mshindo kama ngoma. Tangu nitoke hospitali, huyo alikuwa mtu wa kwanza kuniita bila kunirushia kitu.

Ogola alizaliwa hivyo, hajawahi kusikia jogoo. Kazi yake ilikuwa plasta, na hasa zile kazi za mapambo, maua na mistari ya juu ya kuta ambayo mafundi wengine waliiogopa. Alinifundisha ishara kwa chakula. Saa saba Mama Risper wa kibandani alituletea ugali na omena, na sisi wawili tulikula juu, katika chumba kilichokuwa sebule ya Mhindi, kwa sababu kina mwanga pande mbili. Mtu anayesikia anaweza kutafuna na kuongea, anakutemea ugali usoni na hadithi inaendelea. Sisi mikono ndiyo mdomo, na mkono uko kwenye omena. Basi Ogola alikuwa na sheria yake: mwenye maneno anawe mikono, aongee mpaka amalize, ndipo ale, na mwingine ale akitazama. Yeye ndiye aliyekuwa na maneno kila siku. Miezi mingi sikumwona akila ugali wa moto. Mama Risper alikuwa akisimama mlangoni akimgombeza, "Mzee, chakula kinapoa! Nitakuwa nakupikia barafu?" Namtafsiria kwa ishara, na Ogola anajibu, "Mwambie ugali haukimbii. Huyu msichana anaweza kukimbia." Mama Risper anacheka mpaka anashika mlango.

Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani, viziwi wa mjini walikuja. Fundi viatu, seremala mmoja wa Kondele, wasichana wafua nguo, Atieno akiwemo. Mlinzi wa siku hiyo alipewa sigara akawa kipofu. Ogola alitutembeza jumba lote, na hapo ndipo niliona kitu ambacho hakuna chuo kimenionyesha mpaka leo. Alianza kwa kututafutia mwanga. Yeye alisimama na mgongo ukutani, uso unaangalia dirisha, sisi tukalipa dirisha mgongo, mwanga ukapita mabegani mwetu ukamwangukia mikononi. Akaeleza mpaka mwisho, bila kuonyesha chochote. Akimaliza, aliteremsha mikono akaiweka tumboni, moja juu ya nyingine. Hiyo ilikuwa ruhusa. Sasa geuka, tazama. Alingoja mpaka mtu wa mwisho amerudisha macho, hata kama ni mzee mwenye shingo ngumu, ndipo aliendelea. Na tukishatazama, kiganja. "Mikono kwanza," alikuwa akisema, "halafu ukuta. Na ukuta usiuamini mpaka umeugusa." Alitushikisha mwimo wa mlango wa chini, uliolika kwa mviringo usawa wa bega, akatuambia hayo ni mabega ya wapagazi wa pamba. Kila mtu akaweka bega lake pale. Mimi langu lilifika chini kidogo. Alitushikisha nguzo ya chuma ya barazani wakati mabehewa yanagonganishwa bandarini, na mtetemo ukapanda mpaka kwenye meno. Atieno aliruka nyuma akidhani nguzo ni nyoka. Tulicheka vile mpaka mlinzi akaja kuona ni nini, maana kicheko cha viziwi kina kelele, wenyewe hatujui.

Juu ya mlango wa sebule kulikuwa na mstari wa maua ya chokaa, kila ua petali sita. Moja lilikuwa limeanguka. Ogola akanipa mwiko akasema, fanya. Chokaa ikishaanza kukauka haingoji mtu, na mimi vidole vilikuwa vya kubeba madebe. Nikamaliza, nikashuka ngazi, nikahesabu: tano. Nililia. Akatazama, akaniambia, "Acha. Maua ya Mhindi yako mengi, lako ni hilo." Siku hiyo akanipa jina. Mkono chini ya kidevu, vidole vitano vinafunguka. Viziwi wa Kisumu wananiita hivyo mpaka leo, na watoto wao wanaosikia pia.

Sasa nifike kwa Karani. Yeye ndiye alikuwa macho ya ofisi pale, anaandika majina na mifuko ya simiti, mtu msafi, kalamu tatu mfukoni. Aligundua kwamba nina sauti, kwamba naweza kusema kwa mdomo anachosema Ogola kwa mikono. Akaniita, akanikalisha kwenye kiti. Tangu niwe kiziwi hakuna mkubwa aliyekuwa amenipa kiti. Akaongea polepole nimsome mdomo. "Nyathina," mtoto wangu, aliniita hivyo, "huyu mzee ana akili nyingi lakini amefungiwa ndani. Wewe ndiye mlango wake. Siku ya kufungua watakuja wakubwa, na watoto wa shule ya viziwi wataletwa. Nataka mzee awatembeze. Lakini wakubwa wataogopa, watauliza anasema nini. Niambie yote anayoonyesha Jumapili, niyaandike, niwaonyeshe." Nilisema yote. Wapagazi, mwimo, nguzo, ndoano ya mizani darini, maua, siku nne mfululizo, yeye anaandika kwenye daftari la mistari. Ogola nilimwambia atatembeza watoto. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Nikasema, Karani ameniita mtoto wake.

Siku yenyewe Ogola alikuja amenyoa, na koti la kuazima ambalo mikono ilimpita, akaikunja mara mbili ili watoto waone vidole. Askari wa lango akamsukuma. "Toka, toka! Leo si siku ya chokaa." Hayo Mama Risper aliniambia baadaye. Mimi nilikuwa ndani tayari, nimevalishwa kitambaa cheupe, nabeba soda. Karani akawapandisha watoto ghorofani, akafungua daftari, akawasomea. Kwa mdomo! Watoto viziwi thelathini na kitu, na mwalimu wao anawaonyesha kwa kidole, tazama midomo yake, tazama midomo. Halafu akanivuta mkono mbele ya wakubwa akasema, "Huyu alikuja hapa bubu, na hapa kazini amejifunza kuongea." Wakapiga makofi. Na mimi nikatabasamu. Hiyo niiandike vizuri ionekane: nilitabasamu.

Kisha nikaona watoto wanageuka. Mmoja, wawili, wote. Wameenda madirishani, wamempa Karani migongo. Ogola alikuwa barabarani, ng'ambo ya ua, amesimama juu ya lundo la mchanga, jua linampiga usoni, na anawatembezea jumba kutoka nje. Mikono mikubwa, polepole, kama mtu anayepaka ukuta wa mbinguni. Watu wa masikio hawajui hili: sisi tunaweza kuongea na mtu aliye ng'ambo ya barabara bila kupaza chochote. Akamaliza habari ya mwimo, akaweka mikono tumboni, na watoto thelathini wakakimbia kutafuta mwimo, wakarudi. Walikuwa wakicheka. Mwalimu wao alikuwa na mdomo wazi. Karani akawa mwekundu wa macho. Akaniangalia akasema, midomo ikifunguka kidogo tu, "Funga madirisha."

Madirisha nilifunga mimi. Yalikuwa na milango mizito ya mbao. Nilifunga moja baada ya jingine, na la mwisho nilipolivuta, Ogola alikuwa anatengeneza jina langu, mkono chini ya kidevu, vidole vitano. Sikujua kama ananiita au ananiuliza. Nikafunga.

Jumatatu nilimkuta kwenye pipa la chokaa, maana vyumba vya nyuma vilikuwa bado. Nilinawa mikono kwanza, kama ilivyo sheria, nikasimama mbele yake nikasema, nisamehe. Akafumba macho. Mtu anayesikia akikukasirikia unaweza kumfuata mpaka mlangoni ukipiga kelele, neno litaingia apende asipende. Kiziwi akikufumbia macho, huna mahali. Wiki tatu alinifumbia. Kazi alinionyesha kwa kupanga vyombo chini, mwiko hapa, karai pale, nafanya. Saa saba tulikula chumba kimoja, na yeye alianza kula mara tu sahani inapofika. Wiki hizo tatu ndizo nilimwona akila ugali wa moto. Mama Risper alisema, "Angalau siku hizi anakula kama mtu."

Kazi ya jumba ikaisha, tukaenda Maseno kupiga plasta nyumba ya mwalimu mmoja. Sikuulizwa kama nakuja, sikuambiwa nisije, nikabeba karai nikamfuata. Siku ya kwanza, mchana, mke wa mwalimu akaleta ugali na kuku. Ogola akaitazama sahani. Akaisogeza kando, akaenda kwenye debe akanawa mikono, akarudi akakaa mbele yangu. Aliongea mpaka kuku akaganda mafuta. Habari ya madirisha hakuitaja siku hiyo wala siku nyingine yoyote mpaka alipokufa miaka mitatu iliyopita. Tulimzika kwao, karibu na Sondu. Jamaa zake walishika maikrofoni saa nzima wakisema "bubu wetu, bubu wetu," na hakuna aliyeona haja ya kutufasiria sisi viziwi waliojaa nyuma. Fundi wa mkoa mzima! Hata jina lake la ishara hawakulijua.

Kwa hiyo mnaelewa nilivyokuwa nimekaa miezi miwili iliyopita, katika sebule ile, Brian anapunga mbele ya dirisha. Nilikuwa nimejiambia ninyamaze. Mimi ni mtu mzima, nimealikwa, nimepewa chai. Kisha Madam akafika chini ya mlango, akainua kidole chenye rangi, nikamsoma mdomo: "Maua haya yote yalifanywa na mafundi walioletwa kutoka ng'ambo." Yote. Nikahesabu kutoka kushoto. La saba, petali tano, liko pale, limepakwa rangi mara nyingi limevimba kidogo.

Nikasimama. Nikapiga kisigino chini, du, du. Mvule haijazeeka. Viziwi ishirini waligeuka pamoja kama kuku walioona mwewe, na wenye masikio wakashtuka. Madam akasema, "Mama, kuna shida?" Nikamjibu kwa sauti, ile sauti yangu ambayo naambiwa ni kama mlango wa mabati. "Shida ni dirisha, Madam. Kaa kidogo." Nikampita Brian, nikavuta milango ya lile dirisha la ziwa, nikafunga. Nikaenda upande wa pili nikafungua yote mawili, askari akisema hayafunguliwi, mimi nikiwa kiziwi sikumsikia. Nikaweka mgongo ukutani chini ya maua. Mwanga ukaniangukia mikononi. Na jambo la kwanza nililolisema halikuwa pamba wala Mhindi. Nilifanya jina la Ogola: vidole viwili vinapita shavuni kama mwiko unapita ukutani. Wazee pale nyuma wakalirudia, wote, vidole mashavuni, hata Atieno ambaye alikuwa analia kwa mdomo wazi. Nikaeleza. Nikamaliza. Nikaweka mikono tumboni. Wakageuka, wakatazama juu, wakahesabu.

Niliwatembeza saa nzima na nusu. Walishika mwimo. Brian alikuwa amekaa chini sakafuni na watu, na karibu na mwisho niliona anamfasiria Madam kwa mdomo ninachosema mimi. Vizuri kabisa. Hapo ndipo mahali pake.

Ofisi iliniandikia barua baadaye. Walishukuru, wakaomba nimfundishe Brian hiyo historia, wairekodi kwa simu, ili yeye aendelee kutembeza watu. Kujitolea, waliandika. Nikaicheka barua hiyo peke yangu kama mwendawazimu. Daftari la mistari limerudi, limevaa simu. Brian mwenyewe akaja kwangu Kondele, bila simu, mikono mitupu, akaniambia kwa ishara, "Mama, mimi sikutaka hiyo barua." Nikamwambia aingie. Nikamwambia pia neno langu, akaenda nalo ofisini kama lilivyo: atakayetembeza ni kiziwi, aandikwe kazi kama wenye vyeti. Yeye Brian awe mdomo wetu kwa wenye masikio. Mikono tunayo. Walikaa wiki tano kimya, halafu wakakubali, si kwa upendo, ni kwa sababu viziwi hawakuja tena. Hasira haijaisha. Inakaa vizuri tu, haili kitu.

Leo nina ploti moja Kondele, vyumba vinane, choo ndani. Nina ekari moja na nusu na ng'ombe wawili upande wa Sondu. Nina kalibu arobaini na tatu za kumiminia maua ya plasta, na wasichana watatu wanaozitumia, wawili viziwi, mmoja anasikia na tunamvumilia. Nina mwiko wa Ogola, mpini nimebadilisha mara mbili. Nina barua ya kazi, jina langu, Jumamosi saa nane, jumba la bandarini. Saa saba Atieno na wengine wanakuja kwangu kwanza, Brian pia, tunapika omena, na mimi nanawa mikono mapema kwa sababu nina maneno. Ugali wa Jumamosi nakula baridi.